Habari za Mashahidi Ziliandikwa Lini?

Wako wasomaji waonao kwamba kuuliza tarehe ya kitabu cha mashahidi ni kupungukiwa na imani. Sisi hatuoni hivyo. Shahidi ni mtu aliyeona. Basi yafaa kujua kama mwandishi alikuwapo, au alisikia kwa waliosikia.

Na tuanze na habari ya kwetu. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa karibu na Liwale, wakisafiri kutoka Kilwa. Tukipata karatasi isemayo kwamba waliuawa katika nchi ya Tanganyika, twajua mara moja kuwa maneno hayo hayakuandikwa mwaka ule, kwa maana nchi yetu ilipewa jina hilo mwaka 1920, chini ya Waingereza. Mauaji ni ya kweli. Karatasi ni ya baadaye. Mambo hayo mawili tusiyachanganye.

Kwa kipimo hicho tuvisome vitabu vya kale. Habari ya mashahidi wa Scilli, waliohukumiwa Karthago tarehe 17 Julai 180, ni fupi: maswali ya liwali na majibu yao, bila pambo. Ile ya Perpetua, aliyekufa mwaka 203, ina sehemu isemayo kwa maneno yake mwenyewe kutoka gerezani. Mwandishi mwingine aliongeza mwanzo na mwisho, wala hakuficha.

Barua ya Wakristo wa Smirna juu ya Polikarpo ni ngumu zaidi. Wengi hukiweka kifo chake karibu na mwaka 155. Eusebius alikiweka zaidi ya miaka kumi baadaye. Tena nakala za Kigiriki zasema njiwa alitoka katika mwili wake. Eusebius, aliyeinukuu barua hiyo katika karne ya 4, hamtaji njiwa. Si rahisi kudhani kwamba angaliuacha mwujiza mkubwa hivyo kama angaliusoma. Kwa hiyo twaona njiwa aliingizwa na mnakili. Lakini kiraka kipya hakifanyi kanzu nzima kuwa mpya.

Ninyi walimu mnaowasomea watoto habari hizi, waonyesheni lipi ni la shahidi na lipi ni la mnakili. Mtoto aliyefundishwa yote kwa uzito mmoja, siku atakapojua habari ya njiwa, atamkataa Polikarpo pia.