Kuchavusha si kurutubisha: Kosa ambalo mkulima huligharamia

Kuna kosa lililoota mizizi katika vipindi vya kilimo redioni, katika vijitabu vya wakulima na hata darasani. Utasikia ati nyuki "hurutubisha" maua. Mwingine ataandika kuwa upepo "hutungisha" mahindi. Kauli hizi huchanganya mambo matatu ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vizuri.

Tuanze na kuchavusha. Kitenzi hiki kimetokana na chavua, ile poda inayotoka katika sehemu ya kiume ya ua. Kuchavusha ni kuifikisha chavua kwenye sehemu ya kike, basi. Nyuki, popo, upepo au mkono wa mtu ni wasafirishaji tu.

Kutungisha huja baadaye. Chavua ikishatua na kukubaliwa, huotesha mrija mwembamba unaopenya hadi kwenye ovari, na mbegu ya kiume ikaungana na yai. Mzizi wake ni ule ule wa "kutunga mimba". Uchavushaji waweza kutokea pasiwe na utungisho: chavua ya mpapai ikiangukia ndevu za mahindi, hapatungwi kitu.

Katika mimea ya maua, utungisho huwa maradufu, jambo alilolieleza Sergei Nawaschin mwaka 1898. Mbegu moja ya kiume huungana na yai, kikapatikana kiinitete. Ya pili huungana na viini vingine viwili, ikapatikana akiba ya chakula. Sehemu kubwa ya unga wa sima tunayokula hutokana na muungano huo wa pili.

Je, kurutubisha? Rutuba ni neno lililotoka Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Kwetu limezoeana na udongo na mbolea. Sikatai kwamba baadhi ya vitabu vya baiolojia husema yai "limerutubishwa". Ila katika habari za kilimo, ambako neno hilo tayari lina kazi yake, kulitumia hivyo ni kumtegea msomaji mtego.

Hebu tutazame gunzi lenye mapengo. Kila uzi wa ndevu za mahindi huelekea kwenye nafasi ya punje moja. Uzi usiofikiwa na chavua kutoka kwenye mbelewele huacha pengo. Mara nyingi chanzo ni ukame au joto kali: ndevu huchelewa kutoka, au chavua hufa kabla ya kufika. Sasa mwambie mkulima kwamba mahindi yake "hayakurutubishwa". Atafanya nini? Atakimbilia duka la mbolea! Atatumia pesa kutibu udongo ilhali tatizo lilikuwa juu, kwenye ua. Angeambiwa "hayakuchavushwa", angeuliza kuhusu mvua na wakati wa kupanda.

Wapo watakaosema istilahi ni mambo ya wasomi na mkulima anataka mavuno tu. Mbona basi mkulima huyo huyo ana mbelewele, ndevu na hata mpapai dume? Hajapungukiwa na maneno. Anayepungukiwa ni mfasiri anayeokota neno la kwanza analolikuta kamusini.

Kwa hivyo, wanahabari na walimu, tuseme: nyuki huchavusha, mbegu ya kiume hutungisha, samadi hurutubisha. Kila neno libaki shambani mwake.