Mgongo Husomwa Kichwani

Mtaalamu wa altrasaundi anayetafuta mgongo wazi, yaani tundu kwenye uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni, haanzii mgongoni. Huanzia kichwani, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtoto wa wiki 20 ana pingili ndogo mno, na mara nyingi mgongo wenyewe ameuegemeza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, hivyo tundu la milimita chache kiunoni laweza kumpita hata mwenye macho makali.

Njia hii ilianikwa mwaka 1986, Kypros Nicolaides, Stuart Campbell na wenzao walipoandika katika jarida la The Lancet juu ya dalili mbili. Mifupa ya paji la uso hubonyea huku na huku, kichwa kikaonekana kama limau. Serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, hujikunja kama ndizi. Kisa ni maji ya ubongo kuvuja kupitia tundu la mgongoni: msukumo ndani ya fuvu hupungua, na ubongo wa nyuma huvutwa kuelekea shingoni. Jeraha liko kiunoni, ushahidi uko kisogoni.

Mtaalamu akishaona hivyo, ndipo hushuka mgongoni. Tazama mkono wake: kiganja kinainama kidogo tu, kinatulia, kinasubiri. Mtoto akikataa kugeuka, mama huambiwa alale ubavu, au atoke nje atembeetembee kisha arudi. Mgongo hupitiwa kwa urefu, halafu kwa kukingama, pingili baada ya pingili, na mimi naona huo wa kukingama ndio hakimu. Kila pingili huonyesha nukta tatu nyeupe zilizokaa kama mafiga. Penye mgongo wazi, mafiga mawili ya nyuma huachana, na ngozi ya kuyafunika haipo.

Limau lakini halingoji. Baada ya wiki ya 24 hivi paji hukaza, na dalili hiyo huanza kufutika. Ndizi ndiyo hudumu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, ila kwetu Tanzania wengi hufika kliniki tumbo limeshakuwa kubwa.

Kisha huja ripoti, mistari michache isiyo na madaha: tundu limeanzia pingili ipi, vyumba vya maji kichwani vina upana gani, miguu inacheza au imelala. Kwa karatasi hiyo mama anaweza kupangiwa kujifungulia karibu na wapasuaji wa mishipa ya fahamu, kama wale wa MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, Dar es Salaam, ili mgongo uzibwe katika siku mbili tatu za mwanzo, vijidudu havijaingia.