Nusu Sekunde ya Pendulamu

Katika maabara ya fizikia, vifaa vichache vina bei rahisi kama pendulamu: kamba ya mita moja, gololi ya chuma, mahali pa kuifunga na saa ya kupimia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifikia akiwa na jibu mfukoni. Tangu sekondari ameambiwa kwamba muda wa mbembeo mmoja hutegemea urefu wa kamba, na haijalishi umeivuta kwa pembe gani. Basi anapima haraka haraka, namba zikikaribia za kitabuni anaandika, zisipokaribia anazipika. Waliopita maabara wanaujua upishi huo, na wengi wamepata nao alama nzuri.

Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, Natasha Holmes na Doug Bonn, pamoja na Carl Wieman aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001, waliichukua pendulamu hiyohiyo wakaipangia kazi nyingine. Pimeni kwa digrii 10, kisha kwa digrii 20, mlinganishe. Zikionekana sawa, msifunge daftari: tafuteni namna ya kupima vizuri zaidi, mrudie. Kazi yenyewe iko kwenye huko kurudia, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Kwa kamba ya mita moja, mbembeo mmoja huchukua kama sekunde mbili, na tofauti kati ya pembe hizo mbili ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Kidole kwenye kitufe cha saa hukosea zaidi ya hapo mara kadhaa. Ndipo mkono unapoanza kujifunza. Usipime mbembeo mmoja, pima 50 kisha ugawanye; tofauti sasa inakaribia nusu sekunde, na hiyo kidole kinaiweza. Usibonyeze gololi ikiwa juu, maana pale husitasita na jicho nalo likasita. Bonyeza inapopita katikati, mahali inapokwenda kasi kuliko kote. Iachie ipite mara moja mbili kwanza, na ukianza kuhesabu anza na sifuri. Wanaoanza na moja ni wengi ajabu. Lakini pia usihesabu kupita kiasi, kwa sababu hewa huila pembe kidogo kidogo, na ulichokiita digrii 20 kinakuwa 17 ukiwa bado unahesabu.

Mwanafunzi aliyefanya hayo kwa uvumilivu huona namba mbili zikiachana, na zinakataa kurudiana hata apime tena. Fomula ya sekondari haikuwa uongo. Ilikuwa ya pembe ndogo tu, na mpaka wake ameufikia kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyefika hapo hasemi tena kwamba maabara ni mahali pa kuthibitisha alichosema mwalimu.

Matokeo ambayo Holmes na wenzake walichapisha mwaka 2015 yanasema hivyo pia: kuliko wasiofundishwa hivyo, waliofundishwa kwa mpango huu walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi wa kupendekeza au kufanya wenyewe maboresho ya jaribio, na mara nne zaidi wa kutambua na kueleza upungufu wa modeli kwa kutumia data yao. Huko Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, nako kuna dodoso linalomuuliza mwanafunzi anavyoyaona majaribio, na jinsi anavyodhani mwanafizikia angejibu. Kozi zinazolenga ustadi wa kupima zimetoa mitazamo iliyo karibu zaidi na ya wataalamu kuliko zile zinazotumia maabara kukazia nadharia ya darasani. Sishangai. Ukimpa mtu jaribio ambalo jibu lake liko ubaoni, unamfundisha kwamba sayansi ni utiifu.

Mwaka mmoja baada ya kozi hiyo, wanafunzi wale wa British Columbia waliingia maabara nyingine, vifaa vingine, bila mtu wa kuwaambia warudie. Walirudia.