Milimita Mkononi mwa Fundi

Kupanga meno ni kazi ya hesabu kabla ya kuwa kazi ya nyaya. Daktari hakazi waya kabla hajajua taya lina nafasi kiasi gani na meno yanadai kiasi gani. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilifanywa kwa mkono, na mkono huo nausifu.

Kwanza hutwaliwa alama ya meno kwa alijineti, unga utokanao na mwani wa kahawia, unaokorogwa kwa maji na kubanwa mdomoni hadi ugande. Alijineti hupoteza maji na kusinyaa, kwa hiyo fundi humimina jasi mapema. Jasi hupata joto inapoganda. Ikishapoa, taya la mtoto liko mezani. Ndipo inakuja kalipa, chombo cha kupimia upana, yenye kipimo alichokibuni Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631: vijisehemu 10 vilivyoenea milimita 9 tu, hivyo kila kimoja hupungua kwa sehemu ya kumi ya milimita, na jicho husoma tofauti hiyo pale mistari miwili inapokutana.

Fundi hushika kila jino penye upana wake mkubwa, kuanzia gego la kwanza la upande mmoja hadi la upande wa pili. Mwaka 1958 Mmarekani Wayne Bolton alionyesha kwamba katika vinywa vyenye meno yaliyopangika vizuri, jumla ya upana wa meno 12 ya chini ni wastani wa asilimia 91.3 ya yale 12 ya juu. Meno ya juu yakiwa na milimita 95, ya chini yanatarajiwa kuwa karibu 86.7. Yakifika 90, kuna ziada ya milimita 3 na kitu, na hakuna waya utakaoificha.

Leo skana hupita mdomoni na kompyuta huchora taya zima. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimekuta tofauti ambazo kwa kawaida ni ndogo mno kubadili matibabu. Skana ina heri zake: mtoto hatapiki kwa alijineti, mfano hauvunjiki, na picha yaweza kutoka Bukavu ikafika Nairobi kwa daktari mwingine siku hiyohiyo. Meno yakipandana mahali midomo ya kalipa haipenyi, picha hugeuzwa na kukatwa.

Lakini hata kwenye kioo cha kompyuta, lazima mtu aamue jino linaishia wapi. Programu ikipendekeza ukingo, ni nani atakayejua kwamba imekosea? Ni yule aliyekwisha kuushika ukingo huo kwa chuma, akapima, akarudia, akaona namba mbili zikikataana, akatafuta sababu.

Kwa Luvungi, mashariki mwa Kongo, neno hili ni zito. Mto Ruzizi huzungusha mitambo ya umeme huko juu, ilhali nyumba nyingi za bondeni hazina taa. Mzazi anayempandisha mwanawe Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 anastahili daktari ambaye kazi yake haisimami umeme ukikatika. Kalipa haidai umeme wala leseni ya kila mwaka.

Basi skana na zije, tena zije kwa wingi. Ila mwanafunzi wa meno apewe kwanza jasi na kalipa, kwa sababu anayejua kupima kwa mkono ndiye anayeweza kuisahihisha mashine.