Chapati ya dagaa na vikate vya Ujiji

Sandwichi yangu ya Katonga ni chapati. Naikunja, ndani dagaa wa kukaanga, pilipili na limau, nakula nimesimama huku mitumbwi ikishusha. Nyumbani dagaa walewale nawaweka kwenye mkate, na chai ya rangi pembeni.

Juzi nikiwa na mkate huo mkononi nilikirudia kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Wengi tunakijua kwa ile salamu yake kwa Livingstone, Ujiji, 1871. Lakini endelea kusoma kidogo, msomaji: chakula kinaanza kuingia. Sayd bin Majid analeta vikate vya nyama, vya moto. Mohammed bin Sali, mchuzi wa kuku. Mwinyi Kheri, mbuzi na wali. Livingstone, ambaye hamu ya kula ilishampotea, anakula kwelikweli.

Stanley kawataja walioleta, hapo nampa haki yake. Ila vile vikate vilikuwa na ladha gani? Nani alisimama motoni? Kimya. Mgeni kashiba, aliyevipika vikate hivyo hatajwi. Ndiyo maana mimi, kabla ya kumaliza chapati yangu, humgeukia mpishi: dada, leo umeipatia.