Eksirei Huona Chokaa

Eksirei haioni uhai wa mfupa. Huona madini ya chokaa yaliyomo ndani yake. Kusoma picha ya mfupa, basi, ni kujua chokaa ingepaswa kuwa wapi.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana matege. Ameletwa Parklands, mtaa wa Nairobi ambao una hospitali za Aga Khan na M.P. Shah. Miguu ndiyo iliyopinda, lakini daktari anataka pia picha ya kifundo cha mkono. Mama anashangaa, na ana haki. Sababu ni kwamba mfupa hurefuka kwa gegedu linalojazwa chokaa, na pale kifundoni ukuaji una kasi, kwa hiyo upungufu huonekana mapema. Chokaa ikikosekana, gegedu hurundikana bila kukomaa. Picha huonyesha pengo jeusi lililopanuka, shina la mfupa lililobonyea kama kikombe, na ukingo uliochakaa kama pindo la leso kuukuu.

Mwaka 2000, Tom Thacher na wenzake, waliowachunguza watoto wa Nigeria, waliyageuza mabadiliko hayo kuwa alama: 4 kwa kifundo, 6 kwa goti, jumla 10. Lakini alama hupima ukali tu. Aliyekosa vitamini D na aliyekosa chokaa chakulani hufanana mno kwenye picha. Damu ndiyo huwatenganisha.

Nairobi iko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na jua si haba. Ila kioo cha dirisha huzuia miale inayotengeneza vitamini D mwilini. Bangalo nyingi za Parklands zimepisha majengo ya ghorofa, na mtoto anayeota jua sebuleni nyuma ya kioo anapata joto tu. Akitibiwa, baada ya wiki chache mstari mweupe huchomoza penye ule ukingo uliochakaa. Sijui picha ya kupendeza kuliko hiyo.

Kwa watu wazima eksirei ya kawaida huchelewa: takriban asilimia 30 ya madini huwa imepotea kabla jicho halijaona kitu. Ndiyo maana kuna deksa (DXA), kipimo cha wingi wa madini mfupani kinachomlinganisha mtu na kijana mwenye mifupa imara. Alama ya -2.5 kushuka chini ni mifupa iliyopungua vibaya.

Deksa nayo hudanganywa. Maji ya sehemu za Naivasha, Nakuru na Arusha yana floridi nyingi, na anayeyanywa miaka mingi mifupa yake huwa myeupe kupita kiasi kwenye picha. Hata utando ulio kati ya mifupa miwili ya mkono huweza kuingia chokaa. Kipimo husoma namba nzuri, lakini mfupa huweza kuvunjika. Ukienda kupimwa, mwambie daktari ulikokulia, na maji mliyokuwa mkinywa huko.