Utambi, Jua na Puto

Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ni mahali ambapo vumbi la nchi kavu na mvuke wa ziwa hukutana juu ya paa moja la makuti. Anayetaka kujua kila kimoja ni kiasi gani hawezi kutegemea chombo kimoja.

Chombo ninachokihusudu ni fotometa ya jua. Unaielekeza kwenye jua, nayo inapima mwanga uliofika katika rangi chache teule. Vumbi huzipunguza zote. Mvuke una uroho wake: hula mwanga wa karibu nanomita 940, usioonekana kwa macho, na kuuacha wa 870 upite. Tofauti ya majirani hao wawili ndiyo maji yanayoelea juu ya kichwa chako, toka ardhini hadi mwisho wa anga.

Lakini jua, kabla halijagusa hewa, lina nguvu gani? Hapo ndipo penye ufundi. Unaanza kupima jua likiibuka ng'ambo ya ziwa, mwanga wake ukipenya hewa nene, na huachi mpaka lipande juu. Namba unazipanga kwenye grafu ya logarithmu, kisha unavuta mstari hadi pale hewa inapokuwa sifuri. Umefika nje ya anga bila kuinuka kitini! Sharti hewa itulie asubuhi nzima, jambo la nadra Turkana. Fotometa za rejea za mtandao wa AERONET zimekuwa zikipelekwa hadi mlima Mauna Loa, Hawaii, kutafuta utulivu huo.

Setilaiti huona mbali, ila vumbi juu ya mchanga unaong'aa ni kama unga juu ya shuka jeupe.

Puto lenye vipimio ndilo husema mvuke uko kimo gani na unakwenda wapi. Mwaka 1982 wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliandika juu ya mkondo wa upepo wa kasi upitao kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, ukibeba unyevu wa Bahari Hindi. Maputo yaliyorushwa Marsabit mwaka 2021 yalionyesha kwamba hesabu za kompyuta zilikuwa zikiupunja kasi.

Na kipimajoto cha utambi, kinachosoma unyevu kwa jinsi utambi uliolowa unavyopoa? Bado kimo, ndani ya sanduku lake jeupe. Kinataka maji safi tu. Ukiulowesha utambi kwa maji ya ziwa, yenye magadi, utafanya ukoko, hautapoa inavyotakiwa, na Kalokol itasomeka kama Mombasa.